Wiki ya Kupalizwa Unguja, mimi na wifi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Tiketi zetu zilisema saa tatu na nusu asubuhi. Boti iling'oa nanga saa sita kasoro robo, na muda wote huo hakutokea mtu wa kusimama mbele ya abiria akatuambia kuna nini. Akina mama wenye watoto wachanga walitandika khanga kwenye sakafu ya saruji wakakaa. Mimi hasira zilinipanda. Wifi yangu hakusema neno. Alitoa mkobani kamba yake ya sala, ile nyeusi ya sufi yenye mafundo, akaanza kuipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, fundo moja baada ya jingine, midomo ikienda kimyakimya: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi.

Tulipotoka nje ya bandari ya Dar, kusi lilikuwa linavuma kwelikweli. Boti ilipanda na kushuka, mifuko ya kutapikia ikagawiwa. Wifi amezaliwa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Bukoba, na mawimbi hayamtishi. Mimi nilifumba macho mpaka tulipoona majumba ya Forodhani.

Tumekuja kula sikukuu kwa shangazi yangu, muuguzi mstaafu anayekaa Kikwajuni. Sikukuu yenyewe ni ya tarehe 15, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mimi ni Mkatoliki. Wifi ni Mwothodoksi, na kwao siku hiyo hiyo wanaiita Kulala kwa Mzazi-Mungu. Mama ni yule yule, tarehe ni ile ile, majina ndiyo mawili. Ni mara ya kwanza sikukuu hii inatukuta bila kaka yangu, mumewe. Tulimzika Februari.

Kuna jambo la siku ile ya maziko ambalo nimekuja nalo huku. Makaburini, mzungumzaji mmoja alitaka kutufariji. Akasema tusilie, kwa kuwa kilichomo sandukuni ni mwili tu, ni ganda, mtu mwenyewe ameshaondoka. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa namwangalia wifi. Alimwuguza kaka miezi saba. Alimwogesha, alimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda, alimkata kucha siku moja kabla hajafa. Aliposikia "ganda" alishika mdomo wake kwa mkono, kama mtu aliyemeza mwiba.

Jumanne, 12 Agosti

Shangazi alinivuta jikoni alfajiri. "Mwanangu, mkwe wangu nimpikie nini? Nyama hali. Mayai hali. Maziwa hali. Samaki, na hapa tuko kisiwani, naye hali!"

Wifi yuko mfungoni tangu tarehe mosi. Waorthodoksi hujiandaa kwa Kulala kwa Mama wa Mungu kwa siku kumi na nne kamili, tarehe 1 hadi 14 Agosti, na wanaoshika mfungo sawasawa huacha hata mafuta siku za katikati ya juma. Samaki huruhusiwa siku moja tu humo ndani, tarehe 6, sikukuu ya Bwana kugeuka sura mlimani. Sisi Wakatoliki hatuna mfungo wa namna hiyo kabla ya tarehe 15, na nasema wazi kwamba ninawaonea wivu. Sikukuu uliyoingojea kwa njaa huingia nyumbani kwa namna nyingine.

Lakini kanuni yao ina mlango mmoja ambao kisiwani ni mlango mpana: viumbe vya baharini visivyo na damu nyekundu havikatazwi. Kamba, kaa, ngisi, pweza. Wifi aliijua kanuni hiyo kwa maneno tu, maana Bukoba ni kwa sato, sangara na dagaa. Pweza hajawahi kumgusa.

Basi tukaenda soko la Malindi saa moja asubuhi, bahari ikiwa kwenye bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na mapweza walikuwa wengi, wamelazwa kwenye mabeseni kama nguo zilizolowekwa. Tukanunua mmoja wa kutosha watu wanne. Aliyetufundisha kumshughulikia ni jirani yake shangazi, Mwislamu, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Tulimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akafunga khanga yake kiunoni, akaketi kwenye kibao uani.

Kwanza alikipindua kichwa cha pweza nje ndani, kama unavyopindua soksi, akatoa matumbo na kile kifuko cha wino bila kukipasua. Halafu akamlaza juu ya jiwe akaanza kumpiga kwa mchi. Si kwa hasira, kwa kipimo, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka povu jeupe likatoka na ile mikono iliyokuwa ngumu ikalegea. "Usipompiga utatafuna mpira," alimwambia wifi, akampa mchi. Wifi akapiga. Sufuriani hakumtia maji hata tone. Pweza alitoa maji yake mwenyewe, akageuka kutoka rangi ya kijivu kuwa zambarau iliyoiva, na maji yalipokaribia kukauka ndipo likaingia tui zito, ndimu na pilipili mbichi.

"Na mafuta je, unakula?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Jumamosi na Jumapili, Bi Mkubwa."

"Basi tui si mafuta. Tui ni nazi." Akafikiri kidogo. "Kumbe na nyinyi mnafunga kwa ajili ya Bibi Maryamu. Siku kumi na nne! Mashallah."

Wifi alikula sahani mbili. Tangu Februari sijamwona akila sahani mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Leo tulikwenda Mkunazini kwa miguu, tukipitia Darajani. Si kanisa letu wala la wifi, ni la Waanglikana, lakini mtu asiende Unguja akaacha kuingia pale. Soko la watumwa lilikuwa hapo hapo. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873, na kabla mwaka huo haujaisha jiwe la msingi la kanisa likawekwa kwenye kiwanja kile kile. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo, ndiye yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, na waongoza wageni hukueleza kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa viboko.

Nje kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu za watu watano, kazi ya mwaka 1998 ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs. Mnyororo uko shingoni mwao. Nilivyozoea sanamu za makanisani, macho yangu yalitafuta mahali pa kupumzika, hayakupata. Mabega mapana, mikono imening'inia. Ukisimama ukingoni, nyuso zao ziko usawa wa miguu yako. Wifi alichuchumaa ili awatazame sawa.

Ndani kuna msalaba wa mbao uliotengenezwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Alifariki huko Mei 1873. Watu wake, akina Chuma na Susi, walizika moyo, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba mabegani zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, kwenye misheni ya Wakatoliki, na kutoka hapo mwili ukavushwa kuja hapa Unguja kabla haujasafirishwa Uingereza. Miezi mingi njiani, wakipita nchi ambazo watu wake waliogopa maiti, wengine wakiugua na kufa njiani.

Nilikuwa nasoma hayo kwa sauti ya chini. Wifi alinishika mkono.

"Wifi," akasema, "kama mwili ni ganda, hao watu walibeba nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tulitoka, tukakaa kwenye kivuli, akaendelea mwenyewe, taratibu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba. Akasema hakumwuguza ganda. Akasema mikono yake bado inaujua uzito wa kichwa cha kaka, jinsi ya kukinyanyua ili anywe uji. Akasema watu wakikuambia ulichokipenda kilikuwa ganda wanakunyang'anya miezi saba.

Nimekuwa nikiwaza haya jioni nzima. Waliosimama pale sokoni wakipima meno na mapaja ya watu waliufanya mwili kuwa mali. Anayesema makaburini kwamba mwili ni ganda anadhani amekwenda upande wa pili kabisa, kwenye mambo ya roho. Mimi naona wako jirani. Wote wawili wanaamini mwili wa mtu si mtu.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya mwisho ya mfungo. Shangazi alipika maharage ya nazi na mihogo, tukala mapema, kisha wifi akatandika kitambaa juu ya meza ndogo, akaweka mshumaa na ikona yake, picha takatifu anayosalia. Ni karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, kubwa kama daftari la shule, kingo zimeliwa. Aliipata kwa mama yake.

Nimeishi na wifi miaka kumi na moja na sijawahi kuitazama kwa karibu kama usiku wa leo. Mama Maria amelala kitandani, macho yamefumbwa, mikono imepishana kifuani. Mitume wamemzunguka, Petro upande wa kichwani ameshika chetezo, mwingine ameinama miguuni. Huzuni yao haikufichwa. Na nyuma ya kitanda amesimama Kristo mwenyewe katika mwanga, na mkononi amebeba kitu kidogo cheupe. Nilidhani ni mtoto Yesu. "Hapana," wifi akasema. "Huyo ni Mama. Hiyo ni roho yake." Imechorwa kama kitoto kichanga kilichoviringishwa nguo. Aliyembeba mwanawe akiwa mchanga, sasa mwanawe amembeba yeye.

Bi Mkubwa alikuja kuleta mkate wa kumimina, akakuta tumeketi, akaketi nasi. Shangazi akazima redio. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote ya safari hii, nami nayaandika kadiri ninavyoyakumbuka.

Wifi aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi. "Kwenu mnasema alikufa, au hakufa?"

Nikamwambia ninachokijua. Papa Pius XII alitangaza fundisho hili kuwa la imani tarehe 1 Novemba 1950, na maneno yake yalichaguliwa kwa uangalifu: kwamba Bikira Maria, alipokwisha kumaliza mwendo wa maisha yake ya duniani, alichukuliwa mwili na roho katika utukufu wa mbinguni. Kifo hakukitaja katika tamko lenyewe, wala hakukikana. Papa Yohane Paulo II mwaka 1997 alifundisha kwamba Mama naye alipitia kifo, kama Mwanawe. Kwa hiyo Mkatoliki anayesema Maria alikufa hajapotoka.

"Sisi hatuna shaka," wifi akasema. "Alikufa kweli. Akazikwa Gethsemane." Akatusimulia mapokeo yao. Mitume walikusanywa kutoka kila upande wa dunia ili wamzike, ila Tomaso alichelewa. Siku ya tatu alipofika aliomba auone uso wa Mama mara ya mwisho. Wakafungua kaburi, mwili haumo. Kanisa lao linaliimba hilo na kulisali, na halikuona haja ya kulitungia tamko. Ndiyo sababu wanaiita Kulala: aliyelala huamshwa.

Biblia yenyewe haisimulii mwisho wa Maria. Yote haya yametoka katika kumbukumbu na sala za Kanisa la kale. Mwishoni mwa karne ya 6 Kaizari Mauriki alikuwa ameshaagiza sikukuu iadhimishwe tarehe 15 Agosti katika dola yake yote, na katika karne ya 8 Yohane wa Damasko aliihubiri. Hii ilikuwa karne nyingi kabla ya mfarakano wa mwaka 1054 uliotutenga mimi na wifi. Tuliirithi tukiwa nyumba moja.

Bi Mkubwa alikuwa akisikiliza, mkono shavuni. "Sisi," akasema, "Bibi Maryamu ana sura yake nzima katika Qur'ani. Hakuna mwanamke mwengine aliyetajwa humo kwa jina lake, ni yeye peke yake. Uchungu ulipomshika alikwenda kwenye shina la mtende, akaambiwa tikisa, zikamwangukia tende mbivu. Aliyenyanyuliwa kwa Mwenyezi Mungu kwetu sisi ni Nabii Isa. Hiyo khabari ya mama yake kunyanyuliwa hatunayo." Akanyamaza. "Lakini mama aliyezaa chini ya mti peke yake, Mungu hamtupi."

Hapo nikakumbuka kitu cha utotoni. Siku moja nilimwuliza mama kwa nini Yesu "alipaa" na Maria "alipalizwa". Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, bila kuinua uso: "Kupaa ni kwa mwenye nguvu zake. Kupalizwa ni kubebwa." Basi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sikukuu hii na sijapata maelezo yanayozidi hayo. Kiswahili kimeliweka fundisho lote ndani ya tendo moja. Maria hakujipandisha. Na wifi aliposikia akaigusa ile ikona, pale penye kitoto cheupe. "Kubebwa," akasema.

Alipokuwa anaiondoa mezani niliona nyuma ya ubao. Kuna majina yameandikwa kwa wino, ya marehemu wa nyumba yao, anaowataja katika sala. La mwisho ni la mama yake. La kaka halimo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mchana Mji Mkongwe ulijaa wanaume wa kanzu na kofia wakirudi msikitini, harufu ya udi kila kichochoro. Misa yetu ilikuwa jioni, Minara Miwili.

Hivyo ndivyo Unguja nzima inavyoliita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na ukija kwa boti minara hiyo huiona mbali. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe kati ya 1893 na 1898 na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Lakini misheni ni ya zamani zaidi. Mapadre wa kwanza walifika Unguja Desemba 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, na wamisionari waliowafuata walinunua watu sokoni, watoto wengi wakiwemo, ili wawatoe utumwani. Mwaka 1868 walifungua misheni ya Bagamoyo, na huko ndiko kijiji cha waliokombolewa kilipokua. Baada ya Mkunazini ya juzi, nilikanyaga sakafu ile nikiwawaza wale watoto. Walitajiwa bei asubuhi. Kisha wakafundishwa Salamu Maria, na kwamba kuna mwanamke ambaye mwili wake Mungu hakuuacha uoze.

Kwaya iliimba vizuri, ingawa kinanda kilikuwa juu mno. Somo la kwanza lilikuwa la Ufunuo: mwanamke aliyevikwa jua, na mwezi chini ya miguu yake, na juu ya kichwa chake taji ya nyota kumi na mbili. Wifi alisimama karibu muda wote. Kwao kusali ni kusimama. Likaja somo la pili, Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15. Msomaji alikuwa msichana wa sekondari, sauti yake inatetemeka kidogo: "Lakini sasa Kristo amefufuka katika wafu, limbuko lao waliolala."

Wifi aligeuka akanitazama. Waliolala. Neno la kwao, limesomwa kanisani kwetu, katika siku ya Kupalizwa. Nimelisikia somo hilo kila mwaka tangu utoto na sikuwahi kulisikia. Limbuko ni mazao ya kwanza, na mwenye kuvuna limbuko anajua shamba lingine linakuja. Kristo kwanza, Mama yake amefuata, na kaka yangu, kwa mwili ule ule uliogeuzwa kila baada ya saa mbili, yumo shambani.

Injili ikawa ya Luka, Maria kwa Elisabeti, na ule wimbo wake: moyo wangu wamtukuza Bwana. Wakati wa Komunyo wifi alibaki kwenye benchi. Makanisa yetu bado hayajafika mahali pa kula meza moja, na hakutaka kujifanya yamefika. Niliporudi nilipiga magoti kando yake, tukakaa hivyo. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Nyumbani shangazi alikuwa amepika pilau la nyama ya ng'ombe. Ijumaa Wakatoliki hujinyima nyama, lakini sikukuu kubwa kama hii inapoangukia Ijumaa sharti hilo linaondoka. Kwa wifi si hivyo: Ijumaa ni Ijumaa, mfungo umekwisha ila nyama ingoje kesho, leo ni samaki, na mafuta ruksa. Bi Mkubwa alishalijua hilo, sijui aliulizia lini. Alileta changu wawili wa kukaanga, wamepakwa ndimu na kitunguu saumu, bado wanatoa sauti kwenye sahani.

Jumamosi, 16 Agosti

Boti ya asubuhi, na safari hii iliondoka kwa saa yake. Bi Mkubwa alitusindikiza mpaka barabarani na kifurushi cha pweza mkavu. Alimshika wifi mikono yote miwili akamwambia, "Mwenyezi Mungu amlaze mumeo pema." Wifi akaitikia amina. Shangazi alilia, kama kawaida yake.

Bahari ilikuwa imetulia kiasi. Tulipopita nje ya Mji Mkongwe niliitafuta minara miwili mpaka ikapotea nyuma ya mapaa. Wifi alikuwa amefungua mkoba. Nilidhani anatoa ile kamba ya sala. Alitoa ikona, akaigeuza nyuma, akaiweka magotini.

"Una kalamu, wifi?"

Nilikuwa nayo. Boti iliyumba kidogo, nikamshikia ubao kwa mikono miwili, naye akaandika chini ya jina la mama yake, herufi moja moja.